Lamu pole pole: namna ya kukaa wiki nzima bila kukimbizana na ratiba

Kila likizo ikikaribia maswali huwa yale yale. Lamu siku mbili zinatosha? Nikishamaliza ngome na makumbusho nifanye nini? Mbona fulani alikaa wiki nzima na bado akawa hataki kuondoka, alikua anafanya nini huko? Basi naandika hapa mara moja, na mwenzio akikuuliza mtumie hii.

Jibu fupi: siku mbili zinatosha kuuona mji, lakini utaondoka hakuna hata mtu mmoja anayelijua jina lako. Mwongozo huu wote unazunguka jambo moja tu, kurudi. Unarudi sehemu ile ile, saa ile ile, kwa watu wale wale mpaka wakuzoee. Hakuna ujanja mwingine. Na wewe unayesoma hapa una bahati ambayo mtalii wa dola hana, unaongea Kiswahili, ni hasara sana kwenda Lamu na lugha yote hiyo alafu ukaitumia kuagiza soda tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muda. Siku sita kwenda juu, bila kuhesabu siku za barabarani. Ukiwa na siku tatu nenda tu, ila mwongozo huu sio wako.
- Kitambulisho au pasipoti, na iwe karibu. Njiani kuna vizuizi vya polisi na abiria hukaguliwa, sio wewe peke yako, usianze kununa.
- Pesa taslimu kidogo kidogo, noti ndogo ndogo. M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi, ATM zipo mjini lakini chache, na ukienda vijijini kama Matondoni usitegemee kadi.
- Nguo za heshima na nyepesi. Wanawake leso mbili tatu na nguo ndefu inayofunika mabega, wanaume kikoi na shati la kawaida.
- Ndara au kandambili imara, tochi, pawabenki, dawa ya mbu. Malaria ipo, hakikisha chumba kina neti nzima isio na matundu.
- Begi moja la kubeba mgongoni. Sanduku la magurudumu kwenye vichochoro vya Lamu ni mateso, gari haingii mle ndani.

Hatua zenyewe

1. Chagua msimu, usichague tarehe tu

Pwani ina pepo mbili. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, bahari inakua tulivu zaidi, jua kali, maembe yamejaa sokoni. Kusi inaingia kuanzia kama Aprili, mwanzoni na mvua za masika, alafu katikati ya mwaka upepo mkali na boti ndogo nyingine hazitoki nje kabisa. Kwa mtu wa mara ya kwanza ningesema Januari au Februari, au Oktoba kabla watu hawajajaa.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Maulidi ya Lamu, yale yanayofanyika pale msikiti wa Riyadha, hufanyika mwezi wa mfungo sita na watu wanatoka kila pembe ya pwani, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Huu msikiti ni wa Habib Swaleh, mwanachuoni aliyekua na asili ya Komoro, na mpaka leo masharifu wa ukoo wake wanaheshimika sana mjini. Ukipenda shamrashamra, mashindano ya punda na ya mashua, nenda wakati huo. Ukitaka kukaa na watu taratibu, nenda wiki mbili tatu baadae.

2. Fika mchana, na usifike umechoka taabani

Kwa basi kutoka Mombasa unapita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, alafu unavuka kwa boti. Barabara ya Garsen kuja Lamu ilikua vumbi na matope miaka mingi, sasa ina lami, ila safiri asubuhi ufike kukiwa bado kweupe. Upande wa bara wa kaunti umewahi kushambuliwa, watu hawajasahau Mpeketoni 2014, kwa hiyo siku moja kabla uliza kampuni ya basi na mtu aliyeko Lamu hali ikoje, usitegemee habari za mwezi uliopita.

Mimi napendelea kukata safari Malindi. Njiani kabla ya Malindi pitia magofu ya Gede ukipenda, lala Malindi usiku mmoja, kesho yake endelea. Kwa ndege unatua kisiwa cha Manda, kisha boti dakika chache tu ng'ambo.

Onyo: ukishuka Mokowe au gati la Lamu begi lako litajikuta kwenye bega la mtu usiyemjua. Sio mwizi, ni mchukuzi. Kama hutaki mwambie mapema na kwa upole, kama unataka mpatane bei kabla hajapiga hatua.

3. Lipa usiku mmoja kwanza

Usilipie wiki nzima mtandaoni. Lala usiku mmoja popote pasafi, alafu asubuhi zunguka uulize gesti na nyumba tatu hivi, uliza "bei ya wiki", utaona tofauti. Tafuta ndani ya mji wa kale, mtaa wa Mkomani au Langoni, sio hoteli ya ufukweni ya kujitenga. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, ndani kuna ubaridi hata mchana wa jua. Kuna nyingine bado zina vidaka ukutani na mlango wa nakshi.

Vitu vitatu vya kuuliza: darini kunaingia upepo? jiko naruhusiwa kutumia? msikiti wa karibu uko upande gani? Hili la mwisho sio mzaha, adhana ya alfajiri itakuamsha, na bora ujue mapema kuliko kulalamika. Mji una misikiti zaidi ya ishirini, wa Pwani unatajwa kua wa mwaka 1370, kwa hiyo aliyekuja juzi ni wewe.

4. Siku ya kwanza usipange chochote

Zima ramani ya simu, maana ndani ya vichochoro inakuchanganya tu. Mji una njia kuu mbili zinazofuatana na bahari, Usita wa Pwani pale mbele ya maji, na Usita wa Mui ndani kidogo wenye maduka. Ukipotea fuata mtaro wa maji unakoteremkia, utatokea baharini.

Ukisikia "simile!" nyuma yako bana ukutani upesi, ni punda na mzigo wa mawe au mchanga anapita na hana breki. Bodaboda zimeingia kisiwani miaka ya karibuni, ila kwenye vichochoro vya mji wa kale punda ndo lori. Kuna hospitali yao pia pale Usita wa Pwani, ipo tangu 1987 na inawatibu bure, ukipita asubuhi utaona foleni ya punda na wenyewe. Kaa kidogo uangalie, ndo mahali rahisi kabisa pa kuanzisha mazungumzo manake kila mwenye punda ana malalamiko.

5. Chagua vituo vyako vitatu na usivibadilishe

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiruka hii rudi nyumbani.

Kituo cha kwanza ni cha chai ya asubuhi. Tafuta mkahawa wa kawaida, ule ambao wavuvi na wachukuzi wanakunywa, mahamri na mbaazi za nazi, au mkate wa mofa kama wapo wanaoupika. Siku ya kwanza utahudumiwa kama mgeni. Siku ya pili utaulizwa unatoka wapi. Siku ya tatu ukichelewa utaulizwa mbona umechelewa, na hapo sasa safari imeanza. Watu wengi wanaharibu hapa, leo wanakula hapa kesho pale kesho kutwa kule, ati wanataka kuonja kila sehemu, mwisho wa wiki wamekula sehemu nane na hawajui jina la mpishi hata mmoja.

Kituo cha pili ni soko, lile lililo ubavuni mwa ngome. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, ingia uione siku yoyote, ila sokoni nenda kila siku. Nunua kidogo kwa mtu yule yule. Nazi mbili leo, ndimu kesho. Samaki nunua asubuhi wavuvi wakiingia, uliza huyu anaitwaje na anapikwaje, utapewa mapishi ya bure na mabishano juu, maana wa jirani atasema sivyo hivyo anapikwa.

Kituo cha tatu ni cha jioni. Baada ya alasiri mpaka usiku watu wanakaa barazani, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo inamiminwa kutoka kwenye dele, na kashata au halua pembeni. Hapo kuna bao, dhumna, karata, siasa ya kaunti, mpira wa Uingereza. Usikimbilie kuongea. Salimia wote, kaa pembeni, nunua kahawa yako, sikiliza. Ukiwa huna la kusema uliza kuhusu bandari mpya, ile ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, upande wa bara iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021. Wavuvi walienda mahakamani juu ya uharibifu wa sehemu zao za kuvua na mwaka 2018 mahakama ikaamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni moja. Uliza tu "vipi kuhusu bandari?" kisha nyamaza, utakaa hapo mpaka isha. Utaelewa pia kwamba mji huu sio picha ya kalenda, watu wana ada za shule na madeni kama wewe.

Dada zangu, niwaambie ukweli, baraza nyingi za jioni ni za wanaume. Hutafukuzwa lakini hutastarehe. Mlango wenu ni mwingine na mimi naona ni mzuri kuliko ule: ni ndani ya nyumba. Mwambie mama wa nyumba unayokaa unataka kupaka hina na piko, au unataka kujifunza kupika samaki wa kupaka, utavutwa jikoni ukalishwe kwenye mbuzi ukakune nazi huku unasimuliwa mambo ambayo barazani hayasemwi. Na kukiwa na harusi mtaani, usishangae ukapelekwa.

6. Salamu kwanza, shida baadae

Usimfikie mtu na "samahani, wapi kuna..." hivo tu. Salimia, uliza hali, ujibiwe, nawe ujibu, ndo uulize njia. Mkubwa mpe shikamoo yake. Mzee wa kiume mwite bwana au mzee, wa kike bi au mama. Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, utakisikia kina sauti zake, njia ni ndia, njoo ni ndoo, usicheke na usiigize, ongea Kiswahili chako cha kawaida utaeleweka vizuri tu.

Msikitini usiingie bila kuruhusiwa, na wakati wa swala usikae mlangoni na kamera. Ufukweni Shela nguo za kuogelea sawa, lakini ukirudi mjini funga leso. Pombe sehemu nyingi mjini hakuna, na kuitafuta tafuta kunakuharibia jina kwenye vituo vyako vyote vitatu kwa mpigo.

7. Ishi kwa saa ya maji

Hapa ndo mtu wa bara anapata taabu. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Kwa hiyo boti iliyoondoka leo saa tatu asubuhi, kesho itaondoka karibu na saa nne, na keshokutwa huenda ikawa karibu saa tano. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, mikondo ya kwenye mikoko inakauka kabisa na mashua inakaa kwenye tope mpaka maji yarudi.

Cha kufanya: jioni, kwenye kahawa, uliza "kesho maji yanajaa saa ngapi?" Panga siku yako kutokana na jibu hilo. Maji yakipwa asubuhi, tembea kwa mguu. Yakijaa, panda mashua. Ukifanya hivi siku tatu mfululizo utashangaa, husomi tena saa ya simu. Na angalia usichanganye saa, huku wakikwambia saa mbili asubuhi sio ya usiku wa manane ya simu yako, ni saa mbili ya Kiswahili.

8. Jifunze kazi moja ya mikono

Moja tu. Kusuka ukili, kuchonga mbao, kupika, au kutanga kwa mashua. Mpate fundi kupitia vituo vyako, sio kupitia mtu aliyekusimamisha gatini. Mwambie wazi unataka siku tatu, masaa mawili mawili, na mkubaliane malipo siku ya kwanza. Mafundi wa milango ya nakshi wako mjini, utasikia nyundo kabla hujawaona. Usitegemee kutoka na kitu cha kuuza, ni kukaa karibu na mtu akiwa kazini.

9. Toka mjini mara mbili tatu, usizidi

Shela ni kilomita tatu tu, unafika kwa mguu kwa dakika 40 hivi ukifuata pwani maji yakiwa yamepwa. Ile milima ya mchanga nyuma ya Shela sio urembo tu, maji matamu ya kisiwa yanatoka chini yake, kwa hiyo oga kwa kiasi hata kama umelipa.

Matondoni, upande wa magharibi, ndo kijiji cha mafundi wa majahazi. Nenda kwa mguu asubuhi mapema kupitia mashamba, rudi kwa mashua maji yakijaa. Kipungani ni kwa wasukaji wa mikeka, ukitaka mkeka nunua huko kwa aliyeusuka. Na kama una siku ya ziada, panda boti ya abiria kwenda kisiwa cha Pate, ulale Siyu au Faza kwa mwenyeji, Siyu kuna ngome yake na wageni ni wachache mno. Hii ya Pate usiifanye kabla ya siku ya nne, nenda ukiwa na jina la mtu wa kumuulizia.

10. Picha baadae

Siku mbili za kwanza acha simu mfukoni. Milango na mashua piga, watu usipige mpaka mmesalimiana mara kadhaa na umeomba. Wanawake wa buibui usiwapige kabisa isipokua wenyewe wamekwambia. Na ukiahidi kumtumia mtu picha, itume kabla hujaondoka, kule watu wameahidiwa picha nyingi sana.

Makosa ninayoyaona sana

Kuchukua mtu wa kukutembeza wiki nzima. Wa nusu siku ya kwanza sawa, atakuonyesha mengi, baada ya hapo anakua ukuta kati yako na watu. Lingine ni kubana bei mpaka mwisho, mtu anabishana nusu saa kwa shilingi hamsini na mama muuza ndimu, alafu jioni anakula kamba kwa maelfu, na mama ameona. Na kugawa peremende na pesa kwa watoto njiani, acha kabisa, ukitaka kusaidia uliza wakubwa.

Ukikwama

*Siku ya tatu nimechoka, hakuna cha kufanya.* Kawaida kabisa, karibu kila mtu inampata, mwili bado unatafuta foleni na honi. Usikate tiketi. Lala mchana kama wenyeji wanavyolala, jioni toka. Mara nyingi siku ya nne inakua tofauti.

*Vijana wa pwani wananifuata na safari za mashua.* Jibu kwa salamu na jina: "nashukuru, nimeshapatana na kapteni fulani." Kwa hiyo patana na kapteni mmoja mapema na umtaje yeye tu, wenzake watakuacha.

*Nimefika Ramadhani na mikahawa imefungwa mchana.* Nunua matunda na mkate usiku, kula chumbani, usile njiani. Alafu magharibi usiwe chumbani! Futari ndo wakati mji unafunguka, ukialikwa nenda na tende au matunda mkononi.

*Upepo mkali, boti ya Pate haiondoki.* Haiondoki. Nahodha akisema hapana usitafute nahodha mwingine wa kusema ndio. Rudi kwenye kahawa.

*Tumbo limevurugika.* Maji ya chupa au yaliyochemshwa, chumvi ya kuongezea maji mwilini kutoka duka la dawa, na ikizidi siku mbili au ukipata homa nenda hospitali ukapimwe malaria, usinywe dawa za kukisia.

*Ofisi inanipigia simu.* Mtandao upo mzuri tu mjini, hiyo sababu haitakusaidia. Waambie kabla ya kuondoka kwamba utapatikana saa moja kwa siku, na uchague saa ambayo maji yamepwa.